Unasi na Navasi

"Zima feni," Mwalimu Urmila alimwambia mtoto aliyekaa karibu na swichi.

"Joto lote hili?" Mkaguzi Tripurari aling'aka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. Shati lilikuwa limeshamganda mgongoni. "Mwalimu, unataka kunipika?"

"Inawapotezea watoto akili, mheshimiwa. Watulie kwanza."

Feni ikasimama. Urmila mwenyewe hakutulia. Alifuta vumbi jeupe lililotua juu ya daftari la mahudhurio, kisha akafuta tena, na tena.

Hata wewe usingetulia. Mkaguzi alikuja na fomu ya wilaya, na fomu ilisema hivi: akishindwa mtoto hata mmoja wa darasa la pili hesabu za kichwani, shule inafungwa, watoto wanahamishiwa ng'ambo ya mto. Daraja hakuna, lakini nani kati ya wakubwa wale aliwahi kuvuka? Mwaka huo Urmila alikuwa ameiandikia ofisi hiyo hiyo barua tatu za kuomba matengenezo. Majibu yake ndiyo haya: kaletewa mtu wa kupima hesabu.

"Tufanyie uwanjani," alisema Urmila. "Mraba wa namba umechorwa kule."

"Fomu inasema darasani."

"Basi wajibu humu, halafu kila anayepata aende akasimame juu ya namba yake. Ndivyo tunavyocheza siku zote."

Mkaguzi akapunga kalamu. Haya.

Mraba ule ulikuwa wa rangi ya njano, mistari kumi kwa kumi, moja mpaka mia. Watoto waliujua kama njia ya kwao. Ukiongeza kumi, unashuka mstari mmoja. Ukitoa moja, unarudi hatua nyuma. Vidole hakuna, karatasi hakuna. Unafumba macho na unauona.

"Dhaneshwar. Thelathini na nne, ongeza kumi, toa moja."

"Arobaini na tatu!"

"Nenda. Polepole, kama paka."

Mlango ulikuwa wa pande mbili, upande mmoja umevimba kwa mvua tangu mwaka juzi na haufunguki. Mwaka jana mpuuzi mmoja alipiga kelele "nyoka!" wakabanana pale, msichana akavunjika mkono. Tangu siku hiyo wanapita mmoja mmoja.

"Phulwa. Hamsini na sita, ongeza ishirini."

"Sabini na sita."

"Nenda. Nimesema usikimbie!"

Kisha maswali yakaanza kulegea. Kumi ongeza kumi. Tano ongeza moja. Aliuliza mpaka pumzi ikawa inamkatika, macho yakikimbilia juu kama mtu anayemwomba Mungu wake.

"Mbili na mbili."

Watoto wakacheka. "Mwalimu leo ana homa," mmoja akanong'ona.

"Hii ni hesabu ya darasa la pili," akauliza mkaguzi, "au ya wanaonyonya?"

"Wanaanza na nyepesi, mheshimiwa."

"Mbona wewe ulianza na ngumu?"

Urmila akawageukia waliobaki. "Ragini, moja na moja. Haya, nenda, nenda."

Akabaki Jhuniya peke yake kwenye mkeka. Baba yake alikuwa mchoma matofali, mama hayupo, na ulimi wake mzito tangu azaliwe.

"Huyu nitamuuliza mimi," alisema mkaguzi.

"Mheshimiwa, huyu niachie..."

"Kaa kimya, Mwalimu. Binti, sitini na tisa, ongeza ishirini."

Ona roho za watu. Kwa Kihindi chetu sabini na tisa ni *unasi*, themanini na tisa ni *navasi*, na hata wazee wenye mvi huzichanganya. Mkaguzi kazitafuta hizo hizo.

Jhuniya akafumba macho. Kidole chake kikashuka hewani mistari miwili, kikasimama mahali penyewe hasa. Kisha akafungua mdomo.

"Unasi."

"Sahihi!" alisema Urmila. "Nenda, mwanangu."

"Sahihi nini?" Mkaguzi alisimama. "Unasi ni sabini na tisa! Keti chini, binti!"

Jhuniya akaketi.

Urmila akamnyanyua kwa makwapa, akamsukuma mlangoni. Miaka kumi na miwili ya kufundisha, hakuwahi kumsukuma mtoto.

"Unanidanganya mbele ya macho yangu!" Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imeshaanza kukwaruza fomu. "Naandika! Shule hii imekwisha leo!"

"Andika. Ila wewe mwenyewe hiyo navasi hujui iko wapi." Urmila akanyoosha kidole mlangoni. "Mtu mzima na kalamu mbili mfukoni! Toka uje uwanjani unionyeshe, kama huwaogopi watoto."

Nje watoto wakaangua kicheko. Hicho kicheko ndicho kilichomwasha. Mkaguzi akaitupa fomu, akatoka akipiga visigino, na Urmila nyuma yake karibu amkanyage. Alipofika kwenye mraba alimsukuma Jhuniya kando kwa bega, akaigonga themanini na tisa kwa kiatu chake cheusi.

"Hii hapa! Navasi! Umeiona sasa?"

Urmila hakumtazama. Alikuwa anahesabu vichwa, midomo ikimcheza, na alipofika ishirini na sita, darasa zima, akaketi pale pale vumbini.

Ndipo paa la zege likashuka lote kwa mpigo mmoja, juu ya mikeka mitupu na juu ya kiti kilichokuwa bado na joto la mkaguzi.