Sauti Ilikomea Michongomani

Fundi wa redio ya mji aliingia uani kwa Bi Sikujua, redio ndogo ameibana sikioni. Leseni mpya iliwataka wapunguze nguvu ya mtambo wasiingiliane na kituo kilichofunguliwa majuzi, naye alikuwa akitafuta sauti yao itakuwa ikikomea wapi. Ilikomea kwenye uzio wa michongoma. Huku taarabu, kule mkwaruzo.

"Mwisho wetu ni hapa, mama. Jirani yako hatatupata tena."

"Afadhali," alisema Bi Sikujua. "Nitapumzika na makelele yake."

Tangu mbwa wa Bi Mkasi amle kuku wake, hawakuwa wakiamkiana.

Fundi alipoondoka, Bi Sikujua akakaa kumenya mihogo, roho kwatu, akisikiliza kipindi cha salamu. Mtangazaji akasoma: "Salamu zimfikie mama yangu mzazi, Bi Mkasi. Ni mimi Tabu, huku ugenini. Nimejifungua salama, mtoto wa kike."

Ng'ambo ya uzio, Bi Mkasi alikuwa akiipigapiga redio yake kwa kiganja. Ilitoa mkwaruzo mtupu.

Bi Sikujua akamenya muhogo mmoja zaidi, polepole.

"Na yule mbwa alishakufa," akanong'ona. Kisha akapaza sauti: "Mkasi we, iache hiyo redio, utaivunja bure. Tabu amejifungua. Umepata mjukuu wa kike."

Kupigapiga kukakoma.

Bi Sikujua akavuta kigoda cha pili karibu na redio, akakipangusa vumbi kwa pindo la kanga.