Indiketa ya Kulia

Kushoto iliwaka. Kulia, kimya.

"Bado!" Duane alipiga kelele kutoka nyuma ya pikapu. "Imelala fofofo, kama wewe kanisani."

Verlin Kubicek alishuka, akashika tena bisibisi. Pikapu ilikuwa ya mwaka 1956, mali ya marehemu baba yake, na asubuhi yote ilikuwa imewatoa jasho. Balbu ya kulia walishaihamishia kushoto, ikawaka vizuri. Fyuzi ilikuwa nzima. Kile kidude cha chini ya dashibodi kinachofanya taa zipepese, nacho walikibadilisha. Wapi!

"Mimi sikuelewi," Duane alisema. "Tangu Machi unaendesha hivi hivi, mkono dirishani. Si sheria inaruhusu?"

"Inaruhusu."

Polisi mmoja alishamsimamisha, akamtaka azitaje ishara za mkono kama mtoto wa shule, naye akazitaja bila kukwama: ukiunyoosha unaenda kushoto, ukiukunja juu unaenda kulia, ukiushusha unasimama. Polisi akacheka, akamwacha aende zake.

"Basi tatizo nini?"

Verlin alijikuna shingo. "Tatizo ni LaVonne."

Duane akavuta ndoo, akaikalia, raha tele usoni. Habari za namna hii hazipatikani mara kwa mara Nebraska, hasa mahindi yakiwa bado mafupi.

LaVonne Tesar alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa pale barabara ya changarawe inapokutana na ya lami, penye kona ya kulia. Kila asubuhi Verlin akienda mjini alimkuta nje, kwenye sanduku lake la barua. Na kila asubuhi, kwa kuwa indiketa ilikuwa imekufa, ilimbidi autoe mkono dirishani na kuukunja juu, mbele ya macho yake.

"Anadhani nampungia," Verlin alisema. "Kila siku ya Mungu, kama kijana aliyebalehe jana."

"Si umpungie tu, bwana? Kwani humpendi?"

Alimpenda, na Duane alilijua hilo tangu Februari, Verlin alipoinunulia pikapu rangi mpya ya samawati na kuipaka mwenyewe ghalani, yeye ambaye kuta za jiko lake hazijaona brashi tangu mkewe afariki. Alimpenda sana. Ila kila alipofika pale kwake, mguu ulikataa katakata kugusa breki.

"Hataki salamu zangu," alisema. "Nikiinua mkono wangu, yeye anaushusha wake. Wa kushoto, chini hivi, kiganja kimetazama nyuma. Kama unavyorudisha kuku bandani."

"Labda bega linamuuma."

"Bega gani! Mwanamke aliyeendesha basi la shule miaka yote ile, theluji mpaka magotini, na hakuna mtoto aliyethubutu kufungua mdomo? Angekuwa na bega bovu tungesikia. Ananifukuza, Duane. Kwa adabu, lakini ananifukuza. Nikipata indiketa nitapita zangu kimya, naye apumue."

Duane alitaka kucheka. Akayaona macho ya rafiki yake, akaghairi. Badala yake aliokota kipande cha waya, akagusisha ncha moja kwenye kikombe cha taa na nyingine kwenye chuma kitupu cha chasisi.

"Hebu washa."

Taa ikapepesa, nyekundu, changamfu kabisa.

"Ni ethi!" Duane alipiga paja. "Umeme unaingia, haupati njia ya kurudi. Nani huyu fundi aliyepaka rangi mpaka penye skrubu?"

Verlin aliitazama rangi yake ya samawati, akaona haya. Alichukua msasa, akakwangua pale skrubu inapobana mpaka chuma kikang'aa, akaikaza. Safari hii kulia ikawaka bila waya wa kuazima. Duane alipiga makofi. Verlin alimshukuru, lakini kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi asiyoitaka.

Kesho yake asubuhi alikisukuma kijiti cha indiketa mapema, kabla hajaikaribia kona. Tik, tik, tik. Mikono yake yote miwili ilibaki kwenye usukani, na kioo cha dirisha alikifunga kabisa. Aliazimia kutazama mbele tu, asimwangalie mtu.

Mbele ndiko alikokuwa LaVonne. Leo hakuwa kwenye sanduku la barua. Alisimama katikati ya barabara, aproni kiunoni, mkono wa kushoto chini, kiganja kimetazama nyuma.

Verlin alikanyaga breki, changarawe zikaruka. Akashusha kioo.

"LaVonne, nimeelewa," alisema haraka haraka. "Sikusumbui tena. Nimetengeneza indiketa, ona, mkono siutoi."

"Naiona. Hongera." LaVonne hakusogea, wala mkono wake haukusogea. "Ishara za mkono ziko ngapi, Verlin?"

"Tatu."

"Kushoto, kulia, na nini?"

Verlin aliutazama ule mkono ulioshushwa. Kisha akazima injini.

"Haya, ingia ndani," LaVonne alisema. "Tangu Machi kahawa yako inapoa."