Jumlisha Hivi Vikombe

Cherehani, aliyepewa jina hilo ofisini kwa sababu mdomo wake haupumziki, alisimama mbele ya ubao na vikombe viwili vya chai, chake na cha Mkuu wa timu. Leo lugha ya kompyuta waliyoitunga yeye na wenzake inafungwa, na ikishafungwa hairekebishiki. Hoja yake kwamba alama ya kujumlisha iwekewe sharti ilikuwa imeshakataliwa mara mbili.

"Mdogo wangu, tumeshamaliza," alisema Mkuu wa timu. "Kila aina ya data iitumie hiyo alama inavyotaka."

"Haya bosi, jumlisha hivi vikombe."

Mkuu akacheka, akamimina chai ya Cherehani kwenye kikombe chake mwenyewe mpaka ikafika ukingoni.

"Sasa naomba changu ninywe."

Kilikuwa kitupu, majani mawili ya chai yamenata chini. Wenzao wakaacha kuchapa.

"Ndivyo data za watu zitakavyopotea," alisema Cherehani. "Anayetaka kutumia alama ya kujumlisha aahidi kwanza kwamba hatamaliza cha mtu. Asiyeweza kuahidi tumpe neno 'mimina' badala ya alama, watu wajue mapema."

Mkuu alikigeuza kile kikombe kitupu, akakigeuza tena. Kisha akafuta ubao kwa kiganja, akamnyooshea kalamu.

"Hiyo ahadi inaandikwaje?"