Sogea, Bukoba Inaonekana

"Sogea kushoto, Koku. Bukoba inaonekana."

Derick alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, simu mbele ya pua, shati la maua limelowa jasho. Kokuhirwa akasogea, akashika kofia yake pana, akatabasamu. Mara mama mmoja akapita katikati yao na beseni la dagaa kichwani, akawasalimu kwa Kihaya na kusimama mpaka aitikiwe. Picha ya kumi na moja ikaharibika.

Fungate gani hii! Siku ya harusi, pale Muleba, mshereheshaji alitangaza kwa kipaza sauti kwamba maharusi wanakwenda Zanzibar, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Kesho yake bosi wa Derick akapiga simu: likizo imepunguzwa, arudi kazini baada ya siku nne. Walipiga hesabu mara tatu. Basi mpaka Dar es Salaam, boti, halafu safari ileile kurudi. Wangefika, walowanishe vidole vya miguu, wageuze.

Wangesema ukweli, yangeisha. Lakini Kokuhirwa angeuweka wapi uso wake mbele ya dada yake? Klaudia aliolewa mwaka jana, akaenda Zanzibar, na tangu arudi watu hawajapumua. Ukimkaribisha samaki, atakwambia wa Zanzibar. Picha yake imetundikwa sebuleni kwa mama: Klaudia kwenye kiti cheupe, nyuma yake maji, juu yake mwamvuli wa bluu wenye kiraka cheupe pembeni. Mwaka mzima Kokuhirwa ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi.

Basi wakapanda gari stendi ya Muleba, eti wanakwenda Bukoba kupanda basi la Dar es Salaam, huku ukoo mzima ukiwapungia mikono. Wakashukia Bukoba, wakajificha nyumba ya wageni siku mbili, kisha wakavuka kwenda kisiwa cha Musira, hapo ziwani mbele ya mji. Maji ni maji, Derick alisema.

Kusema ni rahisi. Mtumbwi uliwaweka saa nzima ukisubiri magunia ya mkaa. Kisiwa chenyewe kidogo, watu kibao: wavuvi, wachuuzi, mama ntilie, na nyavu zimetandazwa kila penye nafasi. Wakienda huku, mji unaonekana. Wakienda kule, mbuzi. Na Klaudia hakomi kutuma ujumbe: mmefika? Mbona kimya? Tumeni picha jamani, mama anasubiri.

Kokuhirwa akaketi chini na gauni lake jeupe, machozi yakimlenga.

"Nimechoka, Derick. Mpigie mama, mwambie ukweli. Acha Klaudia anicheke mpaka nizeeke."

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu jirani, Rugaibula kwa jina, alikuwa akiwatazama tangu washuke mtumbwini. Akaweka sindano yake chini, akauliza wanatafuta nini hasa. Derick akababaika, akasema wanataka tu mahali pa kupigia picha ambapo mji hauonekani.

"Mngesema mapema, waitu," mzee akasema. "Mnataka Zanzibar. Nifuateni."

Akawapitisha kati ya mawe, njia nyembamba ya kupita kwa ubavu, wakatokea upande wa pili. Mchanga safi. Maji mpaka macho yanapoishia. Hapakuwa na mtu, wala mbuzi. Kokuhirwa akacheka kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani. Tayari alikuwa anaiona picha yake ukutani kwa mama, pembeni ya ile ya Klaudia, tena imeipita kwa uzuri.

Rugaibula akaingiza mkono nyuma ya jiwe, akatoa kiti cha plastiki, cheupe. Akakipangusa kwa kiganja na kukiweka mchangani bila hata kutafuta mahali. Kisha akatoa mwamvuli wa bluu, akaufungua.

Kokuhirwa akautazama pembeni. Kiraka kilikuwa palepale.