Ukuta wa Stamili

Askari akifa vitani, mjane wake hupewa siku saba aipake chokaa nyumba ya kambi, kisha arudishe ufunguo. Siku ya sita Perpetua alikuwa bado anakwangua ukuta kwa kijiko, mikono imekufa ganzi, chokaa kuukuu ilipobanduka kipande kizima. Chini yake palikuwa na mistari ya penseli, ya kupimia urefu wa mtoto. Stamili, miaka mitano. Stamili, miaka sita.

“Huyu Stamili ni nani?”

Mama Chausiku, jirani aliyekuja kumsaidia na brashi yake mwenyewe, hakugeuka. “Binti wa koplo mmoja. Walihama kabla hamjaja.”

“Walihama, au baba yake naye alikufa?”

Jirani alichovya brashi, akaiacha humo humo ndooni. “Nimewasaidia wajane wanne kupaka nyumba za safu hii, mwanangu. Sijui hata mmoja alikoishia.”

Perpetua alikaa sakafuni. Akaomba penseli, na chini ya Stamili akaandika jina la mwanawe.

“Nitajie hao wajane wengine na watoto wao,” alisema. “Polepole, nimechoka.”

Kesho yake afande wa majengo alipofuata ufunguo, alikuta mlango wazi, wanawake kumi na mmoja wa kambi mkekani, na brashi imekaukia ndooni. Ukuta mzima ulikuwa umejaa majina ya wajane na watoto waliopita safu ile.

“Ufunguo,” alisema.

Perpetua alisogea kidogo, akamwachia nafasi.

“Vua viatu ukae, afande. Tutakusomea.”