Fungu la Zamda

Wanawake walikuwa wamekaa barazani wakisuka ukili wa mikeka ya harusi, kila mmoja na fungu lake la ukindu. Fungu la Zamda lilikuwa halijaguswa. Mwenyewe alikuwa ameinamia karatasi ya kufungia sukari, anaandika hadithi.

"Mwenzetu leo anasuka maneno," alisema jirani yao Hidaya, na wote wakacheka. "Bi Mwanakombo, kwa mkweo huyu bibi harusi atakuja kulalia hadithi!"

Zamda aliiweka kalamu chini. Nyumbani pale neno la mama mkwe ndilo lilikuwa la mwisho. Akisema basi, ni basi.

Bi Mwanakombo alinyoosha mkono, akalivuta lile fungu la Zamda, akaliweka juu ya lake.

"Mama, nipe nisuke," Zamda alisema harakaharaka. "Nitaandika baadaye."

"Baadaye ipi? Mimi nilikuwa na mashairi yangu kichwani, nikayaweka mpaka baadaye. Sijayaona tena." Akachambua ukindu, akaanza kusuka. "Andika, mwanangu."

Zamda alimsogelea mama mkwe mpaka magoti yao yakagusana, akaishika tena kalamu.

Kisha Hidaya akanyoosha shingo.

"Haya, na huyo mwanamke wa kwenye hadithi, ana mume?"

"Sijui bado, dada. Ndiyo kwanza amefungua mlango."

Mikono yote ikaacha kusuka, ikangoja.