Kaburi la Yago

Jumanne, tarehe nne Septemba 1984, ndiyo siku Walter Ogola alipokufa bila yeye mwenyewe kuwa na habari.

Boti yake ilionekana ziwani ikielea tupu. Watu wa kwao, upande wa Bondo, wakafanya wanavyofanya mwili ukikosekana: wakalivika shuka tunda la yago, refu kama mkono wa mtu, wakalililia, wakalizika badala yake. Ofisi ikapiga muhuri cheti cha kifo upesi. Kwa maskini, kufa hakuna foleni.

Kumbe Walter alikuwa jela ng'ambo ya mpaka, kwa kosa la kuvua maji ya wenyewe.

Sasa, baada ya miaka, amerudi, amesimama kando ya kaburi lake, anadai jina. Bila jina hakuna kipande cha utambulisho, na bila kipande hakuna shamba. Shambani kwake palikuwa na mahindi ya Chifu Nicodemus.

"Walter tulimzika," Chifu alisema. "Wewe umefanana naye tu, bwana. Serikali haifanyi kazi na sura."

"Muulizeni mke wangu, Milka."

"Milka alipiga kelele hapa kwamba mumewe yuko hai, kesho yake akatoroka. Mimi mwenyewe nilimwona akipanda lori la Busia."

Walter akalinyoshea kaburi kidole.

"Basi chimbueni. Mkikuta yago, mimi ni mimi. Mkikuta mifupa, mimi ni mwongo, nifungeni."

"Kaburi haliguswi!"

"Ai, Chifu!" Opiyo, jirani ya Walter, alicheka, jembe begani. "Yago niliiweka humo kwa mikono yangu. Unaogopa tunda?"

Watu wakaangua kicheko. Chifu hakucheka. Opiyo akaanza kuchimba.

Jembe likagonga kitu. Opiyo akainama, akapangusa udongo, kisha akaruka nje ya shimo kama aliyeumwa na siafu.

Mifupa.

"Si mmeona?" Sauti ya Chifu ilikuwa imekauka. "Walter ndiye huyo. Askari, kamata huyu tapeli!"

Pingu zikafungwa. Hakuna aliyemtetea, sharti alikuwa ameliweka mwenyewe.

Walter akachungulia shimoni. Kwenye mfupa wa mkono kulikuwa na bangili ya shaba, imebonyea pale alipoigonga kwa nyundo, zamani, ili imwenee Milka.

"Chifu," aliuliza polepole, "yule uliyemwona akipanda lori la Busia alikuwa nani?"